Ukubwa wa Kiti: Mamlaka, Wizi na Damu Nchini Kenya

Mwaka 1993 karani mmoja wa Benki Kuu ya Kenya, David Munyakei, alianza kutilia shaka makaratasi yaliyokuwa yakipita mezani pake. Kampuni iitwayo Goldenberg International ilikuwa ikilipwa na serikali kwa madai kwamba inauza dhahabu na almasi ng'ambo. Sheria ya siku hizo iliwapa wauzaji wa bidhaa nje fidia ya asilimia 20 ya thamani ya walichouza, ili nchi ipate fedha za kigeni. Goldenberg ilipandishiwa hadi asilimia 35. Lakini Kenya haikuwa na almasi ya kuchimba, na dhahabu yake ilikuwa ya kuokoteza. Munyakei alichukua nakala za hati hizo akazifikisha kwa wabunge wa upinzani. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, na hata mashtaka yalipofutwa kazi yake haikurudi. Alihangaika Mombasa, akarudi Narok, na alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanaifikisha hasara ya Goldenberg karibu asilimia 10 ya pato la taifa la mwaka mzima.

Ninaanza na karani kwa makusudi. Ukitajwa ufisadi wa wakubwa macho yetu hukimbilia Ikulu, na ni haki yetu. Lakini hundi haijiandiki. Ili shilingi moja itoke kwa dhahabu isiyokuwepo, ilibidi ofisa wa madini athibitishe mzigo, ofisa wa forodha agonge muhuri, Hazina iidhinishe malipo, Benki Kuu iyatoe. Wote hao walikuwa na kalamu, na yeyote kati yao angeweza kuiweka chini. Kilichowafanya wengi wao wasiiweke chini ndicho kiini cha uchambuzi huu. Mamlaka yaliyojaa mkono mmoja hayamaanishi kwamba rais anafanya kila kitu, maana hakuna binadamu awezaye hilo. Maana yake ni kwamba kila mwenye kalamu, na kila mwenye bunduki, anajua kuwa mkate wa wanawe unategemea kinywa kimoja. Katika nchi ya namna hiyo wizi na umwagaji damu huwa kazi za mwili mmoja: mkono mmoja unachukua, wa pili unakinga.

Kenya haikuzaliwa hivyo. Katiba iliyojadiliwa Lancaster House, London, ambayo nchi ilijipatia uhuru nayo tarehe 12 Desemba 1963, ilikuwa ya majimbo. Kulikuwa na mabunge ya majimbo, na Seneti ikikaa kando ya Baraza la Wawakilishi. KADU, chama cha jamii ndogondogo za Bonde la Ufa, Pwani na Magharibi, kiliidai katiba hiyo kwa kuogopa kumezwa. Haikudumu. Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe na wabunge wake wakahamia chama tawala, KANU, na mwezi uliofuata Jomo Kenyatta akawa rais wa jamhuri. Majimbo yalinyimwa fedha kwanza, kisha yakanyimwa madaraka. Seneti ikafutwa. Mwaka 1966 ilipitishwa sheria kwamba mbunge anayehama chama apoteze kiti, ikiwalenga Oginga Odinga na wenzake waliohamia chama kipya cha KPU, na mwaka huohuo serikali ikajipa uwezo wa kumweka mtu kizuizini bila kumshtaki. Hakuna lolote kati ya haya lililofanywa gizani. Kila badiliko la sheria lilipigiwa kura bungeni mchana kweupe, na wengi wa waliopiga kura hizo waliamini wanajenga taifa moja. Tusiwabeze. Nchi ilikuwa changa, na hofu ya kuvunjika ilikuwa hofu ya kweli.

Kilichobaki mahali pa majimbo kilikuwa kile alichokiacha Mwingereza: mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkuu wa tarafa, chifu. Mkoloni aliutengeneza mnyororo huo ili gavana mmoja aliyekaa Nairobi atawale mamilioni bila kuwauliza. Rais mpya alikalia kiti kilekile. Mkuu wa wilaya alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya, alikuwa na sauti kubwa katika ugawaji wa ardhi, ndiye aliyetoa au kunyima kibali cha mkutano wa hadhara, na siku ya uchaguzi ndiye aliyesimamia kura. Ukikosana naye hukuwa na pa kumshtaki, kwa kuwa aliyemteua ndiye aliyemteua jaji.

Daniel arap Moi alipomrithi Kenyatta Agosti 1978 aliahidi kufuata nyayo zake, na alizifuata hadi kwenye kifungu cha mwisho. Juni 1982 katiba ilifanya KANU kuwa chama pekee kisheria. Miezi miwili baadaye askari wa jeshi la anga walijaribu kupindua serikali, na jaribio hilo likawa kisingizio cha kila kilichofuata. Tazama ni akina nani walioguswa. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa hesabu waliondolewa kinga ya kazi, yaani rais angeweza kuwafuta kwa neno lake. Mwaka 1988 zamu ikafika kwa majaji. Anayeshtaki, anayekagua na anayehukumu, wote watatu! Ingekuwa vigumu kuchora ramani iliyo wazi zaidi ya watu ambao mwizi na mtesaji wanawahitaji wanyamaze. Kinga hizo zilirudishwa mwaka 1990 kwa shinikizo, lakini kufikia hapo somo lilikuwa limekwisha kueleweka.

Mwaka huohuo wa 1988 ulifanyika uchaguzi wa mlolongo. Wapigakura walipanga mstari nyuma ya picha ya mgombea wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mchujo huo alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Watu waliona kwa macho yao mstari mrefu ukitangazwa kuwa mfupi. Aliyetangaza alikuwa mtumishi wa utawala wa mkoa, na hakuwa na sababu hata moja ya kusema ukweli ikiwa ukweli ungemgharimu kazi. Namfananisha mtangazaji huyo na maofisa waliopitisha hati za Goldenberg miaka michache baadaye. Wote wawili waliandika kisichokuwepo, kwa hofu ileile.

Sasa tuje kwenye damu. Katika orofa ya chini ya jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, kulikuwa na vyumba ambamo wahadhiri, wanafunzi, wanasheria na wakulima walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani, walifungiwa ndani ya maji, wakanyimwa chakula na kupigwa, kisha wakapelekwa mahakamani wakiwa tayari wamekiri. Mahakama za Kenya zimekwisha kuwatolea fidia wengi walionusurika. Jengo lenyewe lilikuwa ofisi ya serikali ya kawaida, na mwananchi alipanda ngazi kutafuta huduma huku mwenzake akilia chini ya miguu yake. Mbali na hapo, Februari 1984, maelfu ya wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakalazwa juani bila maji kwa siku kadhaa. Serikali ilisema kwanza kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanataja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Sikumbuki ofisa aliyepoteza cheo kwa sababu ya Wagalla.

Msomaji anaweza kuuliza: mateso ya Nyayo House yanahusianaje na wizi? Mara nyingi uhusiano huo unafichwa, lakini upo. Josiah Mwangi Kariuki, aliyeuawa Machi 1975 na maiti yake kupatikana Ngong, alikuwa mwanasiasa tajiri aliyesema hadharani juu ya ardhi na mali kukusanywa na wachache. Waziri wa mambo ya nje Robert Ouko aliuawa Februari 1990, na mpelelezi John Troon wa Scotland Yard, aliyeitwa na serikali yenyewe, alitaja miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa ufisadi katika mradi wa kiwanda cha molasi cha Kisumu. Hakuna aliyewahi kupatikana na hatia kwa kifo chochote kati ya hivyo viwili.

Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni msitu wa Karura. Sheria ya ardhi ya serikali ilimpa rais, na kamishna wa ardhi kwa niaba yake, uwezo wa kugawa ardhi ya umma kwa amtakaye. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati za ardhi zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Misitu, barabara, viwanja vya shule, vyoo vya umma, hata makaburi yaligawanywa. Karura, msitu ulioko kaskazini mwa Nairobi, ulikatwa vipande vikaenda kwa kampuni za binafsi. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda miti. Vijana waliokodiwa waliwavamia kwa marungu na mijeledi, na Maathai akapasuliwa kichwa. Alikwenda kituo cha polisi kushtaki, na alieleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alitia sahihi taarifa ile kwa damu yake mwenyewe. Polisi hawakwenda kuwakamata waliompiga. Hapo mambo yote yamekutana mahali pamoja: ardhi iliyogawanywa kwa kalamu ya mmoja, vijana waliolipwa kulinda kilichogawanywa, na polisi aliyejua upande wa kutazama. Asingekuwepo mwenye uwezo wa kugawa msitu peke yake, wasingekuwepo wa kukodiwa kuulinda dhidi ya wapanda miti.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi Desemba 1991 wengi walidhani mnyororo umekatika. Kilichobadilika ni kwamba kiti kilekile, kwa ukubwa uleule, sasa kingeweza kupotezwa kwa kura. Hapo thamani yake ikapanda, na bei ya kukilinda pia. Sheria mpya ya uchaguzi ilimtaka mshindi wa urais apate asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane. Kusudi lake lilikuwa jema. Lakini kwa asiyejali njia, ilimaanisha kwamba mahali anapokaa mpigakura ni muhimu kama kura yenyewe, na mpigakura anaweza kuhamishwa. Septemba 1991, katika mikutano ya Kapsabet na Kapkatet, wanasiasa wa Bonde la Ufa walifufua neno majimbo, wakiwa wamelibadilisha maana. Mwaka 1963 majimbo yalikuwa mpango wa kugawa madaraka. Mwaka 1991 yalikuwa wito wa kuwafukuza madoadoa, yaani majirani wa kabila jingine. Oktoba mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, Nandi. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilihesabu waliouawa kuwa 779 na kunyoosha kidole kwa watu waliokuwa serikalini. Moi alishinda Desemba 1992 kwa asilimia 36 tu ya kura.

Na fedha za uchaguzi huo zilitoka wapi? Miaka ya Goldenberg ni 1990 hadi 1993, na siamini kwamba kuangukia kwake kwenye msimu wa kampeni kulikuwa bahati nasibu. Noti ya shilingi 500 ilijaa mitaani, ikapewa na wananchi jina la Jirongo, mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana wa KANU lililogawa fedha nchi nzima. Bei za unga na mafuta zilipanda, shilingi ikaporomoka. Kwa hiyo maskini wa Kenya alilipishwa mara mbili kwa kura ileile: akiwa Molo alichomewa nyumba, na akiwa Nairobi mshahara wake uliyeyuka mfukoni.

Pwani zamu yake ilifika Agosti 1997. Kundi la vijana walioapishwa lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari na kuchukua bunduki, kisha likawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu walikimbia, wengi wao wakijihifadhi kanisani. Vijana wale walikuwa na malalamiko ya kweli. Mpwani amekuwa skwota kwenye ardhi ya babu zake tangu enzi za mkataba wa ukanda wa maili kumi, na hati za viwanja vya ufukweni zilitoka Nairobi bila yeye kuulizwa. Hapa uchambuzi wa haraka hukosea: huona fitina ya wanasiasa usione jeraha, au huona jeraha usione aliyelitia chumvi. Likoni ilikuwa na vyote viwili. Ardhi iliyogawanywa na kalamu ya mmoja ilizaa hasira, na hasira hiyo ikaelekezwa kwa muuza mboga Mjaluo au Mkikuyu ambaye hakuwahi kugawa hata ekari moja, na ambaye jimbo lake la uchaguzi lilikuwa na ushindani mkali.

Magharibi yetu, ng'ambo ya Uganda, mambo yalikwenda mbali zaidi. Mobutu aliitawala Zaire, Kongo ya leo, kuanzia 1965, akamiliki chama, jeshi, Benki Kuu, na kwa amri ya Novemba 1973 akagawa mashamba na biashara za wageni kwa watu wake. Kufikia Januari 1993 serikali yake ilitoa noti ya zaire milioni tano ili kulipa askari. Waziri mkuu Étienne Tshisekedi, aliyechaguliwa na Mkutano Mkuu wa Kitaifa, alitangaza kwamba noti ile si fedha halali, na wenye maduka wakaikataa. Askari walijikuta na mshahara usionunua hata mkate, wakaingia mitaani Kinshasa kupora, na mamia ya watu wakafa. Kisa hiki kinanirudisha nyuma kidogo katika hoja yangu. Nimesema kila kitu kinategemea kama kuna awezaye kusema hapana. Huko Zaire mtu huyo alikuwepo, na alisema, na raia walimsikia. Lakini bunduki zilikuwa mkononi mwa yule aliyechapisha noti.

Wapo wanaosema kwamba bila mkono wa chuma Afrika huvunjika, na wanatoa mfano wa Somalia. Ni mfano mbaya kwa hoja yao. Siad Barre alishika kila kitu kwa miaka 21, na mwaka 1988 ndege zake mwenyewe ziliushambulia mji wake mwenyewe wa Hargeisa. Vita vya baada ya 1991 vilianzia mikononi mwa mkono wa chuma.

Hoja ngumu zaidi ni ya Tanzania, na haifai kuikwepa. Mwalimu Nyerere alikuwa na madaraka makubwa, yakiwemo ya kumweka mtu kizuizini chini ya sheria ya 1962, na hakuna anayemwita mwizi. Kwa hiyo mamlaka kujaa mkono mmoja hakumfanyi kila mwenye mkono kuwa mwizi. Nakubali. Lakini tabia ya mtu mmoja haikuuzuia mfumo kuua. Katikati ya miaka ya 1970 raia waliteswa hadi kufa mikononi mwa vyombo vya usalama Mwanza na Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa jambo hilo, kitendo ambacho bado ni nadra kote katika ukanda wetu. Na uadilifu haurithiwi pamoja na kiti. John Magufuli alichaguliwa mwaka 2015 kwa ahadi ya kutumbua majipu, na wengi, Kenya pia, tulimshangilia. Alikusanya nguvu ili awapige mafisadi: mikutano ya vyama ikazuiwa, matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yakakatwa, Tundu Lissu akapigwa risasi Dodoma Septemba 2017 na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Novemba 2019 Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu, Profesa Mussa Assad, aliondolewa, na miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikiuka katiba. Vita dhidi ya wizi vilimla mwenye kuhesabu mali. Kiti kile kilirithiwa kikiwa na ukubwa uleule, na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi uliokosa wapinzani wakuu, watu walipigwa risasi mitaani, intaneti ikazimwa na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku.

Turudi Kenya, kwa sababu ndiko jaribio kubwa la kukipunguza kiti lilikofanyika, na limefanyika kwa gharama ya maisha ya watu. Mwai Kibaki aliingia 2002 kwa shangwe, na kabla ya miaka miwili kwisha kashfa ya Anglo Leasing, mikataba ya usalama na kampuni hewa, ilikuwa mezani. John Githongo, katibu wa maadili katika ofisi ya rais, alilazimika kukimbilia Uingereza mwaka 2005. Waliokuwa wamedhulumiwa na kiti walikikalia bila kukipunguza, na mitaani likazoeleka neno zamu yetu kula. Mwaka 2007 Kibaki aliteua makamishna wa tume ya uchaguzi bila kushauriana na wapinzani, kinyume cha maelewano ya vyama ya 1997. Desemba 30, matokeo yakiwa bado yanabishaniwa, aliapishwa Ikulu jua likizama. Upinzani uliambiwa uende mahakamani. Ulikataa, kwa sababu majaji walikuwa wateule wa mshindani wao.

Nadhani kukataa huko ndiko kulikokuwa mlango wa mauti. Watu wanaoamini kuwa hakuna mwamuzi hubaki na mitaa na mapanga. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa katika ghasia za baada ya uchaguzi huo kuwa 1,133, na 405 kati yao walikufa kwa risasi. Miongoni mwa vyanzo, ripoti yake ilitaja waziwazi mamlaka kurundikwa kwa rais, hadi kila jamii ikaamini kwamba kumkosa mtu wake Ikulu ni kukosa kila kitu.

Katiba ya 2010, iliyopitishwa na theluthi mbili ya wapigakura, iliandikwa juu ya makaburi hayo. Majaji huteuliwa kwa mapendekezo ya tume. Uamuzi juu ya ardhi ya umma ulipewa chombo huru. Kaunti 47 zilipata magavana wa kuchaguliwa na mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mji wa Wajir, ule wa Wagalla, ulipata barabara yake ya kwanza ya lami baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, nusu karne baada ya uhuru.

Husemwa kwa uchungu kwamba kilichogatuliwa ni ufisadi. Ni kweli kwamba wapo magavana walioiba, na kwamba wawakilishi wa wadi wameugeuza uwezo wa kumng'oa gavana kuwa biashara. Na ugatuzi pia ulionja damu kabla haujaanza: kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 Wapokomo na Waorma waliuana Tana River, zaidi ya watu 100, vijiji vikichomwa pamoja na ng'ombe, huku viti vipya vya kaunti vikigombewa. Sitapunguza uzito wa hayo. Hata hivyo gavana wa Kiambu alipigiwa kura ya kung'olewa na bunge la kaunti yake Desemba 2019, Seneti, iliyorejeshwa na katiba hiyo, ikamwondoa Januari 2020, na mwaka 2025 mahakama ikampata na hatia ya ufisadi. Katika miaka yote ya mkuu wa mkoa hakuna bunge la mkoa lililoweza kumng'oa. Mwizi aliye karibu, asiyemiliki jaji wala polisi, anaweza kushikwa.

Tofauti kubwa ilionekana Septemba 1, 2017, Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu walipofuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani. Majaji waliamka kesho yake wakiwa bado majaji. Kiti kilitafuta njia nyingine ya kuwabana: bajeti ya Mahakama ilikatwa, na majaji 41 waliopendekezwa mwaka 2019 walikaa miaka wakisubiri sahihi ya rais. Wa mwisho waliapishwa Septemba 2022, na rais mwingine. Na si kila mwenye kalamu aliyeamka. Chris Msando, meneja wa teknolojia ya tume ya uchaguzi, alikutwa ameuawa siku chache kabla ya kura ya 2017. Muuaji hajajulikana.

Mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni fomu 34A kutoka zaidi ya vituo 46,000. Fomu hiyo hujazwa kituoni, mawakala hutia sahihi, nakala hubandikwa mlangoni pa darasa. Mtu wa Lamu aliweza kusoma kwa simu matokeo ya kituo cha Turkana na kujumlisha mwenyewe. Mgombea urais Raila Odinga aliyapinga matokeo, akaenda Mahakama ya Juu, akashindwa, na Eldoret wala Kisumu hakukuchomwa nyumba za majirani.

Lakini katiba ile iligawa fedha na kalamu, haikugawa bunduki. Polisi walibaki wa taifa, chini ya amri moja. Utawala wa mkoa, uliopaswa kuundwa upya, ulirudi ukiitwa makamishna wa kaunti, mnyororo uleule hadi kwa chifu. Hilo linaeleza jambo ambalo takwimu za vifo zinalionyesha: mwaka 1992 na 2007 wengi waliuawa na majirani waliochochewa, tangu 2017 wengi wameuawa na polisi. Mtoto Samantha Pendo, wa miezi sita, alipigwa rungu ndani ya nyumba yao Kisumu, akafa. Juni 25, 2024 vijana walioupinga mswada wa fedha, wakilalamikia pia ufisadi na anasa za wanasiasa, walipigwa risasi nje ya Bunge. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu waliokufa katika maandamano ya majira hayo kuwa 60, kisha ikaanza kuwahesabu waliotekwa na watu waliofunika nyuso, katika magari yasiyotambulika.

Kura ya kila darasa nchini Kenya sasa ina fomu, ina jina la ofisa na sahihi yake, na yeyote anaweza kuisoma. Amri ya kufyatua risasi nje ya Bunge siku ile pia ilitolewa na mtu, kwa saa fulani, ikapokewa na mwingine. Haina fomu iliyobandikwa mlangoni popote.